Mama Funza na Wageni wa Kwamsisi

Kijana, usipanguse lenzi ya maikroskopu kwa shati lako, hata kama limefuliwa leo. Shati lina mchanga usiouona, na lenzi ikishakwaruzwa haina fundi, si Korogwe wala Tanga. Pangusa kwa karatasi yake laini, anzia katikati, zunguka kwenda nje, kisha itupe. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo ninalowaona mkilikosea kila nikipita maabara kuwasalimia. Mkiniona mnachomekea mashati haraka haraka. Nimezeeka, sijapofuka.

Mimi ni Mhina, Mzigua wa upande wa Handeni. Nimeishia darasa la nne. Nikaenda kukata mkonge, nikachoka kuchomwa, nikaomba kazi ya kufyeka majani kwenye kituo cha utafiti hapa Korogwe. Kutoka kwenye majani nikaingia ndani kufagia, kutoka kufagia nikaosha vyombo vya kioo, na kutoka kwenye vyombo nikawa mtunza mashine zote za chumba kile mpaka nilipostaafu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Sisemi haya kwa kujisifu. Au basi, kwa kujisifu pia, nimeyatolea jasho.

Ninyi mmekuta mambo laini. Sisi tulivuta dawa kwa mdomo, kwa mrija wa kioo, kama mtu anayevuta mafuta ya taa kutoka kwenye pipa. Ukizubaa umekunywa. Leo mnabonyeza kidude kwa kidole gumba, mnatupa ncha ya plastiki, mnakwenda kula. Sawa, kuleni. Lakini ile mashine ya kuzungushia vichupa vya damu haijabadilika tabia: ukiweka kichupa upande huu, weka kingine cha uzito uleule upande wa pili. Bwana mmoja alikuwa na haraka ya harusi akapakia upande mmoja tu. Mashine ilitembea juu ya meza kama punda aliyeumwa na nyuki, ikamwaga na chai ya watu, chai ambayo nayo haikutakiwa kuwa mle ndani.

Sasa nije kwenye majina, maana ndiyo mnayoyacheka. Juzi nimemsikia mmoja wenu akisema kwenye simu, "Mama Mahindi anatoa jasho, njooni," kisha akacheka mpaka akakaa chini. Mwanangu, friza ikitoa jasho hakuna cha kucheka. Na jina lile halikutoka kwa walevi.

Lilitoka kwa Daktari Nakijwa. Ninyi hamkumkuta. Ni mwanamke mfupi, kwao Mkumbara, barabara ya Moshi, mama yake alikuwa akiuza vitunguu pale kandokando ya lami. Alipoletwa kuwa mkuu wa chumba chetu, watu walimtafuta mkuu huku yeye kasimama mbele yao. Alikuwa haongei kwa sauti kubwa. Akikukuta umekosea anavaa glavu, anafanya mwenyewe polepole mbele yako, anavua, anasema, "Haya, sasa wewe." Sijafundishwa na mtu vizuri kama nilivyofundishwa na yule mama, na nimefundishwa na wengi.

Siku moja tukamkuta amebandika plasta nyeupe kwenye mashine, na juu ya kila plasta ameandika jina la Kizungu. Tukamuuliza ni mali ya nani hizi.

"Mali yetu," akasema. "Ila mashine zote humu zina majina ya viwanda na ya wanaume. Nimezipa majina ya wanawake walioanzisha kazi hii ya vinasaba. Bila wao tungekuwa hapa tunapepeta pumba."

Mimi nikatazama plasta ya maikroskopu. Nikamuuliza, "Daktari, huyu alikuwa mtu mzima?"

"Alikuwa mtu mzima, Mzee Mhina."

"Na aliheshimika?"

"Kwa kazi aliyofanya, alistahili."

"Basi mbona unamwita jina kavu, kama mtoto anayetumwa chumvi? Mwanamke mzima kwetu haitwi hivyo. Anaitwa mama wa fulani."

Wenzangu wakaguna. Daktari hakukasirika. Akakuna shingo kwa kalamu. "Ni kweli. Lakini huyu hakuwahi kuzaa."

"Alikuwa na nini?"

"Alikuwa na funza."

Chumba kizima kilicheka. Kwetu funza ni yule wa kwenye vidole vya miguu. Daktari naye akacheka, kisha akaeleza: ni funza wa unga, wale vijidudu wa kwenye unga uliokaa sana. Yule mama aliwachukua, akawapasua, akatazama ndani ya mbegu zao kwa maikroskopu siku baada ya siku, na huko ndiko alikoona jambo ambalo binadamu walikuwa wakilibishania tangu dunia iumbwe: ni nini kinachofanya kiumbe kiwe dume au jike. Wengi walidhani ni joto, au chakula, au mwezi. Yeye akaona ni kijiti kidogo sana kilichomo ndani ya mbegu.

"Basi funza ndio wanawe," nikasema. "Ni Mama Funza."

Daktari akabandua plasta, akaandika upya. Ndivyo ilivyokuwa kwa zote. Yule aliyekaa na mahindi miaka na miaka, akasema mbegu za urithi zinaweza kuhama kutoka mahali pamoja kwenda pengine, wenzake wakamwona anaota, naye akarudi shambani kwake kimya mpaka walipokuja kumwamini uzeeni, yeye tukampa friza. Friza nayo hukaa kimya na kutunza mpaka siku itakapohitajika. Mama Mahindi. Yule aliyepiga kwa mionzi picha iliyoonyesha umbo la vinasaba, sifa wakazichukua wanaume naye akafa mapema, tukampa ile kamera ya kwenye kiboksi cheusi. Mama Picha. Huyo nilikuwa namfuta vumbi wa kwanza kila asubuhi. Sikupenda alivyotendewa.

Majina yale yalitubadilisha, msidharau. Mtu aliyekuwa akibamiza mlango wa friza aliona haya kumbamiza Mama Mahindi. Na nyumbani nilizungumza hivyo hivyo. Nikirudi mke wangu ananiuliza, "Mama Funza hajambo?" Namjibu, "Leo kaumwa taa, kesho atapona." Binti yetu Hadija alikulia kwenye maneno hayo, akaolewa nayo huko Kwamsisi.

Hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Hadija alizaa mtoto wa kike. Akazaa wa pili wa kike, na wa tatu. Alipozaa wa nne, naye wa kike, mumewe Athumani alikuja kwangu peke yake kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona huketi?"

Akaketi. "Baba, wazee wamesema."

"Wamesema nini?"

"Hadija nimrudishe. Wanasema tumbo lake ni la upande mmoja. Mtoto mchanga atakuja naye, wale wakubwa watabaki kwa mama yangu."

"Na wewe umesema nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Mimi nimewasikiliza wazee."

Ninyi mnajua hasira, lakini hasira ya baba aliyelea binti wa pekee hamuijui bado. Wale wajukuu watatu wananiita babu kwa kuimba. Nikasimama. Nikamwambia, "Kabla hujanirudishia mwanangu na kumtenga na wanawe, nenda pale kituoni kwetu kwa Mama Funza. Yule ndiye anayeijua siri ya dume na jike. Akikwambia Hadija ana kosa, mlete, nitampokea." Nikaingia ndani, nikamwacha na chai yake.

Mimi nilimaanisha aje maabara, Daktari amwonyeshe. Yeye alisikia kama alivyosikia.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja nilikuwa nachemsha maji ya kuoshea vyombo nikasikia kilio getini. Kilio kweli kweli, cha msibani, cha mwanamke mtu mzima. Nikatupa taulo, nikatoka mbio.

Getini alikuwepo mlinzi wetu Maganga. Maganga ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa kwenye mkonge. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo yeye anaweza kunitukana mbele ya watu nami nisinune. Mbele yake amesimama Athumani, kainamisha kichwa, na jogoo mwekundu kwapani. Na pale chini, kanga amejifunga kiunoni, mikono kichwani, ni mama yake Athumani, mkwe wangu, Bibi Mwanamvua wa Kwamsisi.

"Tumechelewa!" analia. "Jamani tumechelewa! Tumetoka mbali kote kule, tumemkuta amefunikwa!"

"Kafa nani?" nikauliza.

"Mama Funza!"

Nikamgeukia Maganga. Maganga naye kakodoa macho. "Mimi sijasema kafa mtu! Wameniuliza Mama Funza yupo, nikawaambia yupo, ila tangu jana jioni amefunikwa, anangojwa Daktari aje amfunue. Nimekosea wapi?"

Hakukosea neno. Maikroskopu jioni inavikwa mfuko wake, vumbi lisiingie. Lakini mwambie hivyo mtu anayetafuta mama wa watu.

Nilimwinua mkwe wangu kwa maneno, maana kwa mkono haifai. Nikamketisha kwenye benchi. Polepole nikaelewa mambo yalivyofika Kwamsisi. Athumani alikwenda kusema kwamba Korogwe kuna mama anayeijua siri ya dume. Hadija, ambaye angewaeleza, hakuna aliyemwuliza. Bibi Mwanamvua akajua moja kwa moja ni mganga, tena mganga mkubwa, kama anakaa kwenye jengo la serikali. Akachagua jogoo.

"Mkwe," akaniambia huku akijifuta macho, "mimi sina ugomvi na Hadija. Anapika vizuri, ana adabu. Lakini wazee wamekwisha kata shauri. Mabegi yake yamefungwa. Nimewaomba wanipe safari hii moja. Kama huyu mama ana dawa ya dume, Hadija anabaki. Kama hana, mwisho wa wiki anarudi kwako."

Hapo Daktari Nakijwa akaingia na mkoba wake. Nikamweleza pembeni. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaenda moja kwa moja kwa bibi, akapiga goti kidogo, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Mama Funza?"

"Hapana bibi. Mimi ni mwanafunzi wake. Karibu ndani, nikuonyeshe alichokiona."

Jogoo aliachwa kwa Maganga.

Daktari alikuwa na kioo kimoja alichokitengeneza kwa ajili ya kufundishia, chenye chembechembe zinazozaa mbegu za dume la yule mdudu wa unga, zilizotiwa rangi. Nikamvua Mama Funza mfuko wake. Nikakiweka kioo. Na hapa mnisikilize, maana hapa ndipo mnapovunja vioo: teremsha lenzi huku ukitazama kwa pembeni, kwa macho yako mwenyewe, mpaka ikaribie kugusa. Ndipo uweke jicho juu, upandishe taratibu mpaka picha ije. Usiteremshe kamwe huku jicho likiwa juu. Utasikia "kwaa" na kazi ya mtu imekwisha.

Athumani akatazama wa kwanza. "Naona nywele."

"Ni kope zako hizo. Sogea nyuma kidogo. Usifumbe jicho la pili."

Akasogea, kisha, "Aisee."

Bibi naye akainama, lakini kila akiinama kichwa kinayumba, haoni kitu. Mimi siwezi kumshika mkwe wangu kichwa. Athumani hawezi kumshika mama yake kichwa mbele ya watu. Nikamwita Maganga. Kumbe Maganga alikuwa mlangoni siku zote, anachungulia.

"Inama, bibi wa Kizigua," akamwambia, akimshika kisogo bila wasiwasi. "Chungulia kama unavyomchungulia mume wa jirani."

"Nyamaza wewe, mla panya!"

"Panya ni nyama. Tazama chini."

Bibi akacheka, kichwa kikatulia, na akaona. Nilijua ameona kwa sababu mkono wake ulishika ukingo wa meza.

Daktari akasema naye taratibu, kwa maneno ya shambani. "Vile vijiti vyekundu ndio urithi wa mdudu. Vinakaa viwiliviwili, vinalingana. Sasa fuata ncha ya ile sindano iliyomo ndani ya lenzi. Kile kikubwa unakiona? Na mwenzake?"

"Mwenzake kadogo. Kama chembe ya ulezi."

"Hako kadogo ndiko kanakoleta dume. Jike hana. Jike ana vile vikubwa tu, mayai yake yote yanabeba kikubwa. Dume ana kikubwa na kadogo. Mbegu zake nyingine zinabeba kikubwa, nyingine kadogo. Ikifika ya kikubwa, anazaliwa jike. Ikifika ya kadogo, dume. Na sisi watu ni hivyo hivyo, bibi."

"Kwa hiyo mke..."

"Mke hana kadogo ka kutoa. Anapokea alicholetewa."

Athumani alikuwa amesimama nyuma, amejikunyata kama amenyeshewa. Maganga, mtani haogopi, akamwambia, "Bwana mdogo, umepanda choroko misimu minne, halafu unataka kulihamisha shamba kwa kuwa halikuota mahindi!"

"Sasa mimi nifanyeje?" Athumani akauliza.

"Hakuna anayechagua," Daktari akamwambia. "Si wewe, si yeye. Lakini kama lazima mtu arudishwe kwao kwa sababu hiyo, si Hadija."

Mimi nilikuwa nangoja bibi aseme. Hatima ya mwanangu ilikuwa mdomoni mwa yule mama, na hajainua kichwa. Maganga alishamwachia, yeye bado ameinama. Nikadhani hajaelewa, au ameelewa na hataki. Nikapanga maneno makali, na mimi nikiyapanga huwa yanauma.

Alipoinuka, hakunitazama mimi. Alimtazama Daktari.

"Mwanangu, huyu Mama Funza aliliona hili zamani?"

"Zamani sana, bibi. Kabla hujazaliwa."

"Kabla sijazaliwa," akarudia. Akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Mimi Kwamsisi niliolewa mara ya pili. Mume wangu wa kwanza alikuwa wa Misima. Nilimzalia wasichana watatu, akanirudisha kwetu. Watoto akawabakiza. Nikaolewa na baba yake Athumani, nikanyweshwa mizizi mwaka mzima, nikazaa wavulana mfululizo. Watu wakasema, amepona. Mimi mwenyewe nikasema, nimepona."

Akaigeukia tena maikroskopu.

"Shamba ni lilelile," akasema. "Sikuwahi kuumwa."

Athumani akataka kumshika bega, bibi akamwondoa mkono. "Wewe nenda kwa wazee wako, waambie mabegi ya Hadija yafunguliwe. Mwenye kubisha aje huku ainamishwe kichwa na huyu mla panya. Mke wako hatoki nyumbani kwangu maadamu mimi nahema."

Hapo nilitoka nje nikanawa uso. Nilimwambia Maganga ni mvuke wa maji ya moto.

Hadija hajarudishwa mpaka leo. Amepata na wa tano, msichana, na yule wa tano ndiye anayesema anataka kuja kufanya kazi na Mama Funza, kwa hiyo mjiandae, ana maswali. Lakini wanapouliza watu Mama Funza alifanya nini pale Korogwe, mimi sisemi habari za mwanangu kwanza. Nasema habari za jioni ileile, kama alivyonisimulia Athumani.

Gari lilipofika Misima, bibi aligonga bati, akashuka. Athumani akamfuata. Bibi alikwenda nyumba kwa nyumba kuulizia mpaka akaipata ya binti yake mkubwa, ambaye naye sasa ana wajukuu. Akamkuta anapepeta. Hakungoja maji ya kunywa. Alimwita na wadogo zake, akawaketisha kwenye mkeka, akawaeleza vile vijiti vyote, kikubwa na kadogo, kwa kuchora mchangani kwa kidole.

Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, ungo bado uko mapajani. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mama, hukufukuzwa kwa ajili yetu?"

"Hapana," bibi akasema. "Si ninyi. Wala si mimi."